Herufi Zenye Manyoya

Kazini walimwita Siafu, na si kwa sababu aling'ata. Hakuwahi kutulia, basi. Ukimkuta amekaa, mguu mmoja unacheza chini ya meza; ukimkuta amesimama, vidole vinapapasa ukingo wa kitu chochote kilicho karibu, mithili ya mtu aliyekanyaga msafara wa siafu na anaona haya kukimbia mbele za watu. Jina alipewa na Mzee wa Mtambo, mwendesha mtambo wa kuchapa vitabu, wiki ya kwanza alipoingia kiwandani. Likamganda, mpaka mumewe naye akaanza kulitumia nyumbani, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alikuwa ameitumia kwenye jengo lile lile la ghorofa moja lenye harufu ya wino na karatasi mbichi. Alianzia chini kabisa, chumba cha kukunjia, wanawake saba kwenye meza moja ndefu wakikunja kurasa kwa kipande cha plastiki mpaka ncha za vidole zikawa laini kama kioo. Wenzake walikunja huku wakipiga soga. Yeye alikunja huku akisoma, na alichokisoma hakikumwachia amani: mstari huu umepinda, picha hii imelalia upande, shavu la mtoto huyu limekuwa jekundu kama nyanya. Akawa anapanda ngazi kwenda kuwaambia wa juu. Mara ya kwanza walimcheka. Mara ya tano mkuu wa chumba cha matayarisho, ambaye sasa ni marehemu, aliweka kalamu chini akamtazama.

"Dada, hizo ngazi zitakumaliza magoti. Si bora ukae huku huku?"

Ndivyo alivyohamia juu. Kazi ya chumba cha matayarisho ni kuipokea kazi ya mteja kutoka kwenye kompyuta na kuiweka katika hali ambayo mtambo utaielewa. Kitabu cha rangi, hata kiwe na rangi mia, hutoka kwa aina nne tu za wino: samawati, majenta ambayo ni waridi iliyokoza, manjano na nyeusi. Kila wino una pleti yake, bati jembamba la alumini lenye sura ya kurasa kadhaa pamoja, na karatasi hupita kwenye zote nne kwa zamu. Siafu alizijua pleti kama mama anavyowajua watoto wake pacha. Alikuwa na lenzi ndogo ya kukunja, aliyoivaa shingoni kwa kamba ya viatu, na kila karatasi iliyopita mbele yake ilikaguliwa nukta kwa nukta. Mteja akisema "inatosha", yeye ndiyo kwanza anaanza.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi mkali na moyo laini. Bibi huyo alikuwa na mazoea ya kumtazama mkwewe akizunguka jikoni, akifungua kabati na kulifunga, akipangusa meza iliyokwisha pangusika.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "hicho kiti hakina miiba. Nimekikalia mimi."

Balaa lenyewe lilianzia kwenye kazi nzuri. Mwanzoni mwa mwaka ule kiwanda kilinunua karatasi mpya, na Siafu akatakiwa kuweka kwenye kompyuta profaili mpya ya rangi. Profaili ni kama maelekezo ya mpishi kwa jiko asilolijua: karatasi hii hunywa wino kiasi hiki, basi rangi fulani ipunguze, fulani iongeze, ili picha itoke kama ilivyokusudiwa. Alihangaika nayo wiki mbili. Kazi ya kwanza kupita humo ilikuwa kalenda ya mpiga picha mmoja aliyependa mandhari ya giza: paa la nyumba na mawingu mazito, farasi mweusi ndani ya zizi jeusi. Nyeusi ikichapwa peke yake kwenye eneo kubwa huonekana imepauka kama mkaa wa jana. Ili izame, inabidi isaidiwe na zile rangi nyingine tatu. Kwenye mipangilio kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa kwamba nyeusi tupu ihifadhiwe, isichanganywe na kitu. Siafu akaondoa alama kwenye kisanduku hicho.

Kalenda ikatoka, watu wakashika vinywa. Farasi alikuwa mweusi mpaka ukatamani kumgusa uone kama vidole vitalowa. Meneja, mtu wa sauti ya chini asiyesifu ovyo, aliitundika moja ofisini kwake, akamwambia Siafu mbele ya watu, "Hii sasa ndiyo kazi." Siafu alikwenda nyumbani siku hiyo amevimba kichwa. Akaingia wiki iliyofuata na kazi nyingine, na nyingine, na kile kisanduku kikabaki wazi.

Kitabu kilifika miezi miwili baadaye. Kilikuwa kitabu cha kusomea cha watoto wenye uoni hafifu, kurasa arobaini na nane, herufi kubwa kama maharage, picha chache. Siafu alikifungua kwenye kompyuta, akakikagua kama kawaida yake: maandishi yote nyeusi tupu, wino mmoja. Safi. Akakipitisha kwenye profaili mpya, akatoa pleti, akazishusha chini. Alikagua kilichoingia. Kilichotoka hakukikagua, kwa kuwa kwenye skrini vyote viwili vilikuwa vyeusi sawasawa. Skrini haisemi uongo, lakini ukiiuliza swali dogo inakujibu jibu dogo.

Jumanne moja asubuhi, wiki tatu baada ya vitabu kuondoka, meneja alimwita ofisini. Alimkuta Mzee wa Mtambo ameshasimama pembeni, ameshika kofia yake yenye madoa ya wino. Kwenye kiti alikaa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka limekakamaa, na magotini ameweka kitabu.

"Huyu ni mwalimu wa ile shule," meneja alisema. "Mwalimu, waeleze ulichonieleza."

Mwalimu alikohoa kidogo. Ilionekana alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake njiani, na sasa limemkimbia.

"Watoto wanasema herufi zina manyoya," alisema.

Meneja na Mzee wa Mtambo wakatazamana.

"Manyoya?" aliuliza Mzee wa Mtambo.

"Manyoya. Mmoja anasema zinatetemeka. Mwingine anasema kila herufi imesimama na kivuli chake. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, watoto ni watoto. Lakini vitabu vyetu vya zamani wanasoma. Hiki wanasoma ukurasa mmoja, wanakifunga, wanasugua macho. Wanaumwa vichwa."

Meneja alitabasamu kwa upole, ule upole unaouma. "Mwalimu wangu, usinielewe vibaya. Watoto wenyewe macho yao ni hafifu. Wakisema hawaoni vizuri..."

"Nimewafundisha miaka tisa," mwalimu alimkatiza. "Najua wanachokiona na wasichokiona. Na siku zote wakisema kitu, watu wazima wanawajibu hivyo hivyo ulivyonijibu wewe."

Siafu alikuwa ameshakichukua kitabu. Alikipeleka dirishani. Kwa macho matupu herufi zilikuwa nyeusi, nzuri, hazina neno. Akakunjua lenzi, akaiweka juu ya herufi *m*, akainamisha jicho. Upande wa kushoto wa kila mguu wa ile *m* kulikuwa na uzi mwembamba wa samawati. Upande wa kulia, uzi wa majenta. Chini kabisa, kama unga uliomwagika, manjano. Akafungua ukurasa mwingine. Vile vile.

"Kweli zina manyoya," alisema taratibu.

Meneja akachukua lenzi, akatazama, akamgeukia Mzee wa Mtambo. "Rangi hazikukaa moja juu ya nyingine. Mtambo wako unacheza."

"Mtambo wangu hauchezi."

"Si haya hapa?"

"Upana wa unywele mmoja! Umekuwa hivyo tangu ulipofungwa hapo chini, na kalenda yako hiyo ukutani imechapwa na mtambo huo huo."

"Nilikwambia mwaka jana," meneja alisema, bado kwa sauti ile ile ya chini. "Nilikwambia macho yamechoka, ukakataa. Kuanzia kesho atakuja fundi kutoka tawi letu lingine. Wewe utasaidia ghala la karatasi mpaka tujue la kufanya."

Mzee wa Mtambo aligeuza kofia mkononi. Alikuwa na miaka sitini kasoro mwaka mmoja, na mtambo ule aliusikia ukikohoa kabla haujakohoa. Alivaa kofia yake humo humo ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Siafu alikuwa bado ameshika kitabu. Mguu wake ulikuwa unacheza wenyewe. Kuna kitu kilikuwa kinamtekenya nyuma ya kichwa, na alipotoka na kufika katikati ya ngazi kikajitokeza chote, kikasimama mbele yake. Kama herufi zilichapwa kwa wino mweusi peke yake, samawati ilifikaje hapo? Mtambo ucheze, uruke, upige sarakasi. Wino mmoja hauwezi kupishana na wenzake kama wenzake hawapo.

Akateremka mbio hadi stoo ya pleti. Pleti za kazi zilizokwisha hukaa miezi sita zikining'inia kama nguo kwenye kamba. Akazipata za kile kitabu, akavuta ya manjano ya karatasi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. Pleti ya manjano ilitakiwa iwe na jua la ukurasa wa nne, kuku wawili na gauni la msichana, basi. Lakini ilikuwa imejaa maneno. Akavuta ya majenta: maneno. Ya samawati: maneno. Kitabu kizima kilikuwa kimechapwa mara nne, herufi juu ya herufi, na unywele mmoja wa mtambo, ambao kwenye picha hakuna binadamu angeuona, ulikuwa umezitoa herufi zote nne nje ya mstari.

Aliporudi juu ilikuwa imefika mchana; akafungua mipangilio. Kisanduku kilikuwa wazi. Alikitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, wenzake walimwona amekaa bila kutikisika.

Sasa, ingekuwa rahisi kusema kwamba alinyanyuka pale pale akaenda kwa meneja. Hakwenda. Alirudisha ile alama kwenye kisanduku, akakaa, akaiondoa tena, akairudisha tena. Alijiambia kwamba unywele wa mtambo nao ulichangia, na huo ni ukweli. Alijiambia kwamba Mzee wa Mtambo kweli amechoka macho, na huo pia una ukweli wake. Alijiambia atasema kesho, akiwa ameshapata dawa, kwa sababu kupeleka tatizo na dawa yake ni afadhali kuliko kupeleka tatizo tupu. Saa za kazi zikaisha, akaondoka kwa mlango wa nyuma ili asipite karibu na mtambo.

Nyumbani alipika, akaunguza. Alianza kufua, akaacha nguo kwenye povu. Mumewe alimuuliza kulikoni, akasema kichwa. Mama mkwe hakuuliza. Alimwacha azunguke mpaka mumewe alipotoka kwenda kwa jirani kutazama jokofu lililogoma, kisha akapiga mkono kwenye mkeka.

"Kaa."

Siafu akakaa.

"Umemfanya nani nini?"

"Mama, nani kasema nimemfanya mtu?"

"Ukiwa umefanyiwa, unapiga kelele nyumba nzima inajua. Ukiwa umefanya, unafua."

Siafu akacheka bila kutaka, halafu akamwaga yote: farasi mweusi, kisanduku, manyoya, Mzee na kofia yake. Mama mkwe hakuelewa hata nusu ya mambo ya wino, lakini alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo mzee leo kalala wapi?" aliuliza.

"Kwake, Mama. Wapi tena?"

"Kalala akijiona kipofu. Na si kipofu." Bibi akavuta kanga yake. "Mimi sikufundishi kazi yako. Nimeuliza tu kalala wapi."

Asubuhi Siafu alipiga simu kazini kwamba atachelewa, akaenda shuleni. Pengine alitumaini atakuta watoto wametia chumvi, kwamba wanasoma vizuri tu na mwalimu ndiye mwenye wasiwasi. Darasa lilikuwa dogo, madirisha makubwa, madawati yamewekwa ili mwanga uingie kwa nyuma ya bega. Watoto kumi na wanne. Mwalimu alimkaribisha bila kuuliza maswali, akamwonyesha msichana wa miaka kama tisa, mwenye miwani mizito na nywele zilizosukwa.

"Huyu ndiye aliyesema manyoya. Ukitaka ukweli usiopakwa sukari, muulize yeye."

Siafu alichuchumaa kando ya dawati. "Mwanangu, nionyeshe manyoya."

Msichana alileta uso mpaka pua ikagusa karatasi. Hivyo ndivyo alivyosoma, kwa pua, herufi moja ikimjaa jicho zima. Siafu akatambua kwamba kile alichohitaji lenzi kukiona, huyu alikiona kila siku, bila lenzi, kwa sababu hakuwa na umbali mwingine wa kutazamia.

"Hapa," msichana alisema. "Hii *a*. Ina nywele za buluu huku, na za waridi huku. Nikiifuata, sijui niifuate ipi. Zote zinajifanya ndiyo yenyewe."

"Na kitabu cha zamani?"

"Kile *a* ni moja." Akainua uso. "Shangazi, wewe ndiye unayezipaka rangi?"

"Mimi ndiye," Siafu alisema.

"Kwa nini ulizipaka? Si tulitaka nyeusi tu?"

Siafu aligusa ile *a* kwa ncha ya kidole. Alisema, "Nilikosea," na lilipotoka neno hilo aliona halikumuua. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na ubao; alisikia, akajifanya anatafuta chaki.

Alifika kiwandani saa nne na nusu. Mzee wa Mtambo alikuwa anafungasha spana zake kwenye kisanduku cha bati, moja moja, akizipangusa kwanza. Fundi mgeni alikuwa amesimama kando, kaona haya, hajui ashike wapi. Siafu aliwapita, akazichukua zile pleti stoo, akapanda ngazi mbili mbili, akaingia kwa meneja bila kubisha hodi, akaweka mezani pleti nne alizozibeba kwapani.

"Si mtambo," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza haraka, kama kawaida yake, lakini hakuruka kitu. Meneja aliinua pleti ya manjano kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha. Akatazama kalenda yake ukutani, yule farasi mweusi, akaipa kisogo.

"Umejua lini?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa. "Jana. Mchana."

"Jana mchana," meneja alirudia. "Na mimi jana asubuhi nimemtoa mtu kwenye mtambo wake."

"Ndiyo."

"Utapewa barua ya onyo. Utaisaini."

"Nitasaini."

"Na kitabu kitarudiwa chote. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo."

Alipogeuka, Mzee wa Mtambo alikuwa amesimama mlangoni. Fundi mgeni alikuwa amemwambia kwamba yule dada kapita na pleti kama mtu anayekimbia moto, akapanda kuja kuona. Alikuwa amesikia ya kutosha. Siafu alianza kusema, "Mzee wangu, nisamehe, mimi..." lakini mzee aliinua kiganja.

"Jana mchana," alisema. Akashuka kurudi kwa spana zake.

Siku nne zilizofuata Siafu alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Dawa ilionekana rahisi: rudisha alama kwenye kisanduku, nyeusi tupu ibaki nyeusi tupu, picha ziendelee kufuata profaili. Akafanya hivyo, na safari hii akakagua kinachotoka. Kuna programu inayokuonyesha kila wino peke yake. Ukizima nyeusi, maneno yote yanatakiwa yapotee, ibaki picha iliyopauka. Akazima nyeusi. Maneno yakapotea. Akashusha pumzi, akafungua ukurasa unaofuata, na unaofuata, hadi wa kumi na tisa, na huko maneno yalikuwa bado yamesimama, ya kahawia, yanamtazama. Ukurasa huo mwandishi hakuuandika kama maandishi. Aliupiga picha kutoka kwenye daftari lake na kuupachika. Kwa kompyuta ilikuwa picha kama picha nyingine, kwa hiyo ikachanganya. Siafu akaupiga chapa upya, mstari kwa mstari.

Kisha michoro. Kuku na msichana wa gauni la njano walichorwa kwa mistari myeusi, na mistari hiyo nayo ilikuwa imeota manyoya. Akaitenganisha mchoro kwa mchoro. Akatengeneza mipangilio miwili, mmoja wa picha kama za yule mpiga picha, mmoja wa vitabu vya kusoma, na kila mmoja akaupa jina ambalo hata aliyelewa usingizi asingelichanganya. Akaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi na kuibandika ukutani: ZIMA NYEUSI KWANZA, NDIPO UTOE PLETI. Wenzake walisema mwandiko wenyewe unapiga kelele.

Barua ya onyo ilikuja Jumatatu. Aliisaini, nakala moja ikaenda kwenye jalada lake, nyingine akaipeleka nyumbani. Mumewe aliisoma mara mbili. "Mimi nimewahi kumharibia mtu jokofu lenye nyama za harusi," alisema, "na sikupewa hata barua. Nilipewa ngumi." Hiyo ndiyo iliyokuwa pole yake.

Kilichomkera zaidi ya barua ni Mzee wa Mtambo. Alikuwa amerudi kwenye mtambo wake, fundi mgeni amerudi tawini kwao. Lakini hakumsalimia Siafu. Akishusha pleti, mzee anazipokea, anasema "haya", anageuka. Miaka ishirini na miwili ya utani ikawa "haya". Siafu alijaribu chai, akakuta kikombe kimejaa vile vile jioni. Alijaribu kuomba radhi mbele ya watu. Mzee akaongeza kasi ya mtambo, sauti ikamezwa.

Alhamisi kitabu kikapanda mtamboni. Siafu alikaa juu, hawezi kufanya kazi nyingine, anasikia sakafu ikitetemeka kwa mngurumo kutoka chini. Kawaida yake angekuwa ameshashuka mara kumi. Safari hii hakujua kama anakaribishwa. Mngurumo ukapungua. Akasikia hatua kwenye ngazi, nzito, za mtu asiyezipenda ngazi.

Mzee wa Mtambo aliingia na karatasi ya kwanza, bado ina unyevu, ameishika kwa ncha za pembe mbili. Akaitandika juu ya meza ya Siafu. Siafu akaweka lenzi kwenye *m*. Mguu mweusi. Weupe. Mguu mweusi. Kingo zimekatika kama zimekatwa kwa wembe.

"Moja," alisema.

"Pleti ya manjano nimeiangalia kabla sijaifunga," mzee alisema. "Kuku wawili na jua. Kuanzia leo naziangalia zote. Zako pia."

"Ziangalie, mzee wangu."

"Sikuombi ruhusa." Akavuta-vuta kofia. "Usiku ule nilimwambia mke wangu niende hospitali ya macho. Jumamosi nilikwenda kweli. Wamenipima. Macho yangu mazima, Siafu. Nimepoteza siku nzima kwenye foleni kwa ajili yako."

Hakutabasamu, na wala hakusema yameisha. Lakini alikuwa amemwita jina, akashuka.

Vitabu vilipelekwa shuleni Ijumaa kwa gari la kiwanda, na Siafu akaomba kupanda. Mwalimu alivigawa mwenyewe, akavikusanya vile vyenye manyoya kwenye boksi. Darasa likainama, pua kumi na nne kwenye karatasi, na kwa muda hakukusikika kitu ila kurasa. Siafu alisimama nyuma, mgongo ukutani, mikono ameifungia kwapani ili isihangaike. Mwalimu akamwita yule msichana asome kwa sauti.

Alisoma polepole, bila kukwama, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hakusugua macho. Siafu alikuwa anaanza kusikia mabega yake yakishuka pale msichana aliposita, akarudisha pua nyuma kwenye mstari, akasoma tena kimoyomoyo.

"Mwalimu, hapa wameandika *alipanda mlimaa*. Kuna *a* mbili."

Mwalimu akatazama chake. "Ni kweli. Amekosea mwandishi huyo, si wao. Tutasema tu *mlima*, endelea."

Watoto wakacheka, *mlimaa, mlimaa*, wakirefusha mwisho. Msichana akaendelea kusoma. Siafu hakucheka. Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni, hana karatasi, anaandika namba ya ukurasa kwenye kiganja cha mkono: wa tano, mstari wa pili kutoka juu. Halafu akanong'ona kwa mwalimu kama kuna kitabu kimoja cha ziada anachoweza kuondoka nacho, akakisome chote tena kabla ya Jumatatu.